Nafasi Tupu Kwenye Kamba

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, maana habari hii siipazii sauti.

Miaka ile ya hamsini pantoni ya mtoni pale Kivukoni tuliivuta kwa mikono. Kamba nene ilifungwa ng'ambo hadi ng'ambo, ikapitishwa kwenye pete za pantoni, nasi tulijipanga juu ya pantoni tukiivuta. Katikati yetu palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyeisogelea. Mwenzetu aliyekuwa akisimama hapo alichukuliwa na mto wakati wa masika. Mimi nilikuwa jirani yake.

Akaja msimamizi mpya kutoka Mahenge, mtu wa haraka. Alikuwa ameambiwa waziwazi na wakubwa wake: wavutaji wakikukataa, unarudi kwenu. Safari yake ya kwanza akaiona ile nafasi.

"Sogeleaneni! Hapo mnamwekea nani, bibi harusi?"

Tulipofika katikati ya mto akamsukuma mmoja wetu aijaze. Sote tukaiachia kamba. Pantoni ikasimama ikitetemeka, maji yakiipiga ubavuni. Abiria mmoja akatoa rozari.

"Vuteni!"

"Vuta wewe, bwana mkubwa," aliyetuzidi sote umri akamjibu. "Mikono si unayo?"

Nilidhani atatutukana. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akauliza taratibu, "Hapo alikuwa nani?"

Nikamweleza. Kwamba aliimba vibaya na hakuacha kuimba. Kwamba siku ile, alipoiachia, kamba ikawa nyepesi ghafla mikononi mwangu, nikadhani tumefika.

"Ngoja niirudie habari yake," akasema. "Nikikosea, nisahihisheni."

Akaanza. Aliposema mwenzetu aliteleza, tukamkatiza kwa pamoja.

"Hakuteleza! Aliinama kumdaka mbuzi wa mama mmoja."

"Mbuzi alipona?"

"Alipona. Aliuzwa Ifakara."

Akaanza upya, polepole, mpaka kwenye ile kamba nyepesi, na safari hii hakuna aliyemsahihisha. Hakusimama kwenye nafasi. Alisimama upande wake wa pili, akatazamana nami, akaishika kamba. Tukavuta. Hakurudi Mahenge.

Baadaye nami nilisimamia wavunaji wa mpunga Mchombe, nikawafundisha wasimamizi wengine njia hiyohiyo. Yule anayeweza kuisimulia huzuni ya watu wake bila kuiharakisha, hao watu humfuata. Lakini mpaka leo, nikishika kamba yoyote, hata ya kufungia mbuzi, mkono wangu husubiri iwe nyepesi.

Basi, ukikabidhiwa watu, usianze na amri. Waulize ni nani hayupo. Sikiliza mpaka mwisho, kisha wasimulie wao habari hiyohiyo, na wakikusahihisha, anza upya.