Fundo la Bibi

Juzi nilirudi mjini kwetu Baraka, na kabla sijafika sokoni nikapishana na baba mmoja akivuta kigari nyuma ya baiskeli, mtoto ndani amefungwa kwa kitenge. Nikakaa chini pale pale, rafiki yangu.

Sisi pia tulikuwa na kigari. Enzi za Zaire hizo, baba alikitengeneza kwa sanduku la ndagala, yaani dagaa, na magurudumu mawili ya mbao, akakifunga kwenye baiskeli kwa mpira wa tairi. Kilinuka samaki hata tukikiosha vipi. Kila asubuhi, mama akiwa ametangulia na jembe, kilitupeleka shambani ng'ambo ya mto, mimi na mdogo wangu. Breki za baiskeli zilikufa kabla sijazaliwa, kwa hiyo baba alisimama kwa kukanyaga tairi na kandambili yake. Tulicheka njia nzima. Sijawahi kucheka vile tena.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyetufunga humo. Alikuwa amebeba watoto tisa mgongoni na hakuna aliyeanguka, basi aliamini kitenge kuliko magurudumu. "Mutoto mwenye kufungwa haanguke," alisema, huku akikaza fundo kwa meno. Mimi, nilipofika miaka saba, nilijiona mkubwa, nikakataa kufungwa.

Daraja lilikuwa na mbao chache. Kila Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima, wakubwa wa chama tawala walituahidi mbao mpya. Tuliimba, tukapiga makofi, mbao hatukuziona. Asubuhi moja baada ya mvua kandambili iliteleza. Gurudumu likaingia penye pengo, kigari kikapinduka mtoni pamoja na baiskeli. Mimi nilirushwa, nikashika majani ya ukingo. Mdogo wangu alibaki sandukuni, chini ya maji, vile vile alivyofungwa. Fundo la kitenge likilowa halifunguki. Baba alilivuta kwa vidole, kisha kwa meno. Alipolipasua, mtoto alikuwa amekwisha.

Nyumbani Bibi aliuliza jambo moja tu. "Fundo yangu ilifunguka?"

"Hapana, mama," baba akajibu. "Haikufunguka."

Akashusha pumzi, akamshukuru Mungu kwamba mikono yake haikukosea. Mpaka anakufa hatukumweleza. Baba naye amekwenda, daraja lilishachukuliwa na maji, nami nimebaki na neno hilo peke yangu.

Juzi nilimwita yule baba, nikamsihi amfungue mtoto. Alicheka kwa heshima. "Usiogope, mama, nimefunga nguvu." Akapanda baiskeli, akashika njia ya mtoni.