Kiti cha Karibu na Mlango

Kila Jumamosi, katika ukumbi ulio nyuma ya parokia moja ya mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, mimi na mwenzangu tunakaa na wanaume waliopiga wake zao. Watu wakisikia kazi yangu wananitazama kama mtu anayefuga nyoka. Mimi nawaambia, njooni muone, tunacheka kuliko harusini. Ila hapo kwetu hakuna kusimulia makosa ya mke. Unasimulia mkono wako mwenyewe.

Tena tunacheza teatri. Mwanaume anakuwa mke wake, na mwingine anakuwa yeye. Watu wa Lubumbashi hawabembelezwi kwa mchezo. Mpaka wanagombania kitenge.

Bingwa wao alikuwa dereva mmoja wa kamyo ya mizigo, mtu wa Kivu ya Kaskazini, mdomo hauchoki. Nikimwuliza alimfanyia nini mke wake, jibu ni lile lile: "Mukono iliponyoka, mama." Wenzake wanacheka, mimi nachemka.

Kitu kimoja hakukijua. Mwenzangu huwatembelea wake za hawa wanaume peke yao, na wanayomwambia hayafiki kwa waume. Mke wa dereva alikuwa amemwambia kwamba shule zikifungwa atachukua watoto aende Lukafu kwa mama yake, na pengine asirudi tena. Nilijua, na sikuwa na ruhusa ya kusema. Roho yangu ilikuwa juu kila Jumamosi.

Zamu yake ya teatri ikafika. Akajifunga kitenge, akatembea kwa madaha, watu wakavunjika mbavu. Kisha akabeba kiti cha plastiki mpaka mlangoni, akaketi ukingoni, ndara zile tunazoita kambambili bado miguuni, hakuzivua.

"Mama, mbona unaikala pale?" nikamwuliza huyo 'mke'. "Na hautoshe kambambili, iko nyumba yako?"

Akatazama kambambili zake, mzaha ukamwisha.

"Ni pale anaikalaka," akasema. "Na kambambili, hatoshake."

"Tangu lini?"

Akainamisha kichwa. "Tangu nilimupiga."

Siku hiyo mkono haukuponyoka. Nilifurahi, na palepale nikamwonea hasira, vyote viwili pamoja.

Jumamosi iliyofuata akaingia anang'aa. "Mama, problème imeisha! Nimemununulia fotei ya muzuri, kiti ya mito, nimeiweka kule ndani kabisa, mbali na mulango!"

"Ekie, weye papa!" Nilisimama wima. "Muntu anaogopa, amechagua mulango na kambambili apate kukimbia, na weye unamutosha kwa mulango? Nani alikutuma kumupangia pa kuikala?"

Wenzake wakacheka mpaka machozi. Hata yeye akacheka, kwa haya. "Sasa nifanye je?"

"Mulango umuachie. Weye ndiye uikale kule mbali. Na usimuulize kama amefurahi."

Akafanya hivyo. Kila akirudi safari ya Kasumbalesa alikula bukari, ule ugali wetu, kule mwisho wa sebule, mke mlangoni. "Iko nguvu, mama," alilalamika. "Niko sawa mugeni." Tukamwambia avumilie ugeni.

Shule zikafungwa, na mke akaenda Lukafu na watoto. Dereva akaja ukumbini bila mzaha hata mmoja. Zamani angepiga simu kutwa nzima na matusi juu. Safari hii alimtumia ujumbe mmoja tu, kwamba kama wamefika salama, asante Mungu, hakupiga tena. Nami sikumwambia niliyoyajua, ingawa kufunga mdomo si tabia yangu.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, mke akamwomba mwenzangu anikutanishe naye sokoni, kwa muuza sombe, majani ya muhogo. Nilimngoja pale jua likinichoma, nikaanza kunung'unika. Akaja mbio.

"Nilirudia ku nyumba, mama," akasema. "Lakini valizi yangu ya nguo iko kwa jirani. Sijaibeba bado."

"Iache kule kule. Na ile fotei?"

"Iko yangu sasa, miye mwenyewe nilichagua. Yeye ndiye anaikalaka ku mulango."

"Vizuri sana. Ila umechelewa, weye! Nimeiva hapa!"

Akashika kinywa, akicheka. "Unisamehe. Nilikuwa natafuta kambambili, nyumba yote. Sijui niliziacha wapi!"

Nikaanza kulia palepale. Muuzaji akaniongezea fungu la sombe, akanipa pole ya msiba, akidhani nimefiwa.