Mgongo Nao Useme

Nakumbuka siku moja, mwaka ule tuliokula ugali wa unga wa njano mpaka watoto wakasahau rangi ya mahindi meupe. Nilikuwa mkamwana mgeni hapa, mrembo, mwanangu, usicheke, na mvivu kama paka wa jikoni.

Wanawake tulikuwa na risaga: leo wote tunapalilia kwangu, kesho kwako, kesho kutwa kwa mwingine. Kanuni ilikuwa moja. Ukishapaliliwa halafu ukakwepa zamu ya mwenzako, unatolewa, na hakuna jembe litakaloingia kwako tena. Mwaka wa njaa huo si mchezo. Wimbi shambani likimezwa na magugu, mtakula nini?

Wakanipalilia vizuri. Ilipofika zamu ya Mama Moraa, mjane mwenye shamba la mteremko, nikatuma habari kwamba tumbo linanikata. Kisha mimi huyoo, sokoni Daraja Mbili, kutafuta rinda la mitumba. Nilikuwa najipima moja la maua mekundu niliposikia sauti nyuma yangu:

"Kumbe tumbo lako linapenda maua?"

Alikuwa dada yake Mama Moraa, muuza ndizi. Rinda nililiacha palepale.

Asubuhi yake, kabla wanawake wa risaga hawajakutana kunitoa, nilienda kwa Mama Moraa mwenyewe. Sikutuma mtu.

"Mama, nilidanganya. Sikuwa mgonjwa. Nisamehe."

Akaniangalia kama anayemtazama kuku aliyemwaga maziwa. "Mdomo umesema. Haya, mgongo nao useme."

Nikapalilia mteremko ule peke yangu siku tatu, viganja vikatoka malengelenge. Siku ya nne nikainua kichwa, namwona kando yangu na jembe lake. Wenzake walipodai nitolewe, ni yeye aliyewanyamazisha: "Shamba ni langu. Mimi nimeridhika, ninyi mnalia nini?" Mtoto wangu wa kwanza alikunywa uji wa wimbi la mwaka ule.

Sasa wewe, mwanangu, katibu wa kikundi chetu, jana uliniletea daftari nitie sahihi Kerubo atolewe. Ni kweli alikwepa zamu ya kuchuma chai akaenda Keroka kusukwa nywele. Lakini alikuja mwenyewe, akataja kosa lake bila kulizungusha, akachuma siku mbili peke yake kwa yule aliyemkosea. Asiyeleta kitu ila maneno, mwambie alete mikono kwanza. Aliyeleta vyote viwili, mpokee, na usimkumbushe kila mkikutana. Kanuni tuliiweka tupate mikono shambani. Mikono imerudi, unaifukuza ya nini?

Mungu akupe mgongo usiochoka, na siku utakapokosea wewe, akupe majirani wenye moyo.

Jana nilikuambia: "Sitii sahihi. Ameomba msamaha, amechuma, imetosha." Najua kesho utarudi na daftari lako. Karibu, chai utakunywa, lakini jibu ni lile lile:

Sitii sahihi. Ameomba msamaha, amechuma, imetosha.