Skrini ya Baba

Dada yangu ni fundi wa kompyuta, na mtaani wanamwita Mama Flashi ingawa hana mtoto. Mpelekee mashine iliyogoma. Kabla hujamaliza kueleza ameshachomeka flashi ya kusakinishia mfumo, na mashine inaanza upya kama ilivyotoka dukani. Ni mkali. Mteja anayesimama nyuma ya bega lake huambiwa akakae.

Baba alipoanza kusahau, dada ndiye aliyebaki naye. Mimi nilikuwa mbali nikituma salamu, sina cha kujitetea. Mama alikuwa ameshafariki, na Baba aliuliza mara ishirini kwa siku: "Mama yenu yuko wapi?" Dada alichoka kujibu. Akanunua kompyuta ndogo, bodi tupu inayoenea kiganjani, akaifunga nyuma ya televisheni ya sebuleni. Kutwa nzima skrini ilionyesha kwa herufi kubwa: leo ni siku gani, chakula kiko wapi, dawa ni saa ngapi. Mstari wa mwisho ulisema: Mama alifariki mwaka jana, tulimzika vizuri.

Karibu kila jioni dada alirudi kutoka kazini akakuta bodi imezimwa kwenye swichi ya ukutani. Mara nyingine iliwaka tena bila shida. Mara nyingine kadi yake ya kumbukumbu, inayobeba mfumo, ilikuwa imeharibika, maana kompyuta haipendi kukatiwa umeme ghafla.

"Ubahili wa umeme tu huo," dada aliniambia kwenye simu. "Unamjua baba yako."

Namjua. Alitulea akizima taa tukiwa bado chumbani. Tulicheka sana siku ile.

Basi dada alianza tena kazi yake: anapakua mfumo, anauandika kwenye flashi, anangoja programu ihakiki kilichoandikwa, anachomeka flashi kwenye bodi, anasakinisha, kisha anaandika ile mistari mmoja mmoja. Saa nzima inakwisha. Alifanya hivyo mara tano bila kunung'unika, yeye ambaye hunung'unika hata akiombwa chumvi.

Kisha nikaja kusalimia. Dada alipokwenda kazini nilikaa sebuleni na Baba. Alisogea kwenye skrini akaanza kusoma, kidole kikifuata maneno. Siku, sawa. Chakula, sawa. Alipofika chini, kidole kikasimama.

"Amekufa?" aliniuliza. "Lini? Mbona hamkuniambia?"

Alilia kama mtu aliyepokea habari muda huohuo, na kwake ndivyo ilivyokuwa. Nilimshika mabega. Alipotulia alikwenda ukutani akazima swichi. Baada ya dakika kumi aliniomba chai, uso umekauka, hakumbuki kitu.

Jioni bodi haikuwaka. Nilimweleza dada akiwa mezani, flashi ikiandikwa. Alingoja uhakiki ukwishe, akachomoa flashi.

"Kila siku nampa msiba mpya," alisema. "Halafu namwita bahili."

Sikuwa nimewahi kumwona dada akilia na kufanya kazi kwa wakati mmoja. Alisakinisha mfumo, akaandika siku, chakula, dawa. Kwenye mstari wa mwisho alikaa muda mrefu. Kisha akaandika: Mama ametoka kidogo, atarudi. Nilitaka kumpinga, nikakumbuka ni nani anayeishi na Baba.

Kesho yake Baba alisoma mpaka chini, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Hakugusa swichi. Alibadilisha shati, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, akavuta kiti chake karibu na mlango. Nilimletea chakula saa saba, akakiweka pembeni. Nilimbembeleza saa tisa, akanikatalia kwa upole.

Dada aliporudi jioni alimkuta palepale, sahani imefunikwa.

"Baba, mbona hujala?"

"Namngoja mama yako, tule pamoja. Amekawia leo."

Dada aliweka mfuko wake wa kazi chini, akavuta kiti kingine, akakaa kando yake wakitazama mlango.