Damu ya Mwisho Chini ya Jani

Walisema sitaweza kufuata damu ya kuku kutoka jikoni hadi mlangoni. Mzee Kiboi ndiye aliyetamka hivyo, na waliokuwa kwake wakacheka hadi chai ikawatoka puani. Nawaambieni mapema ili mjue maneno hayo yalimwangukia nani. Mimi nina stashahada ya upimaji ardhi, niliyoipata kwa jasho langu mwenyewe. Nimepima barabara jangwani Uarabuni miaka saba, nikarudi, na leo ukifika Kitale ukauliza nyumba ya vigae vya kijani utaonyeshwa kabla hujamaliza swali. Sikubebwa na mtu. Lakini juzi nilikuwa kwenye machimbo ya mawe nje ya mji, wakalipua mwamba, upepo ukaniletea harufu ya baruti, nami nikaketi chini ghafla kama mtoto wa miaka kumi na mmoja. Vijana wangu wa kazi walidhani ni jua. Sikuwaeleza. Ninyi nawaeleza.

Ilikuwa likizo ya Agosti, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Tulikuwa tunaishi Bokoli, na mama alinipeleka kwa kaka yake, mjomba Wekesa, aliyekodi shamba juu ya Kapsokwony, pale ambapo maharagwe yanakoma na msitu unaanza. Msimu huo kulungu dume alikuwa akishuka kila siku kula maharagwe yale. Alikata vichwa vya miche safu kwa safu, bila haraka, kama kibarua anayelipwa kwa siku. Mjomba hakuwa na shamba lingine.

Basi akaazima. Gobore aliliazima kwa Mzee Kiboi, ambaye alichechemea tangu kulungu aliyejeruhiwa alipompasua paja. Baruti alipewa na fundi wa vyuma. Koti la mvua, zito na refu, tuliazimwa na mwalimu jirani yetu. Siku ya kuchukua gobore ndipo Mzee Kiboi aliponitazama viatu.

"Na huyu mtoto wa lami, ndiye atakusaidia kufuata damu? Ati huyu?" Kisha akasema yale ya kuku.

"Tutaona, Mzee," mjomba akajibu.

Kisheria uwindaji haukuruhusiwa. Mjomba alijua, nami nilijua, na ndiyo maana alipokuwa akilijaza gobore pale ukingoni mwa shamba alikuwa akitazama barabara kuliko msitu. Alimimina baruti mdomoni mwa bunduki, akatia kitambaa, akatia risasi, akashindilia kwa ufito taratibu. Ilikuwa alasiri. Kulungu alipotokea ng'ambo ya korongo, nilidhani tungesubiri asogee. Mjomba alinikonyeza.

"Tazama vile mwanaume anafanya kazi."

Mlio ulinipasua masikio. Moshi ulipotawanyika, mnyama alikuwa ameruka na kutoweka, na kwenye majani ya maharagwe palikuwa na damu nyeusi nyeusi, kidogo tu.

Mjomba aliketi akawasha sigara. Hiyo ilikuwa desturi ya wawindaji wa huko: hamfuati mnyama mpaka sigara iishe. "Ukimfukuza sasa, atakimbia hadi Uganda," alisema. "Mwache alale, awe mzito." Nikaketi, ingawa miguu yangu ilikuwa imeshaondoka. Wingu lilikuwa linateremka mlimani. Mjomba alilitazama wingu, akatazama upande damu ilikoelekea, kisha sigara ikamtoka vidoleni kabla haijafika nusu.

"Mama Nafula," alisema.

Mkewe na binti yao Nafula, wa miaka sita, walikuwa wameenda kuokota kuni tangu adhuhuri. Wangerudi kwa njia ya korongoni, na kulungu alikuwa ameelekea kuko huko. Dume aliyejeruhiwa akichoka hujilaza kichakani akiangalia alikotoka, na anayemkanyagia hapo hupokea pembe. Paja la Mzee Kiboi nililiona mbele ya macho yangu kana kwamba limeanikwa kwenye kamba.

Kazi ilikuwa hivi. Kila tone la damu tulilifunika kwa jani lililogeuzwa, upande mweupe juu. Mmoja anasimama kwenye damu ya mwisho, haondoki. Mwingine anazunguka mbele kutafuta tone linalofuata. Akilipata, anapiga mluzi.

"Wewe ndiwe kigingi," mjomba aliniambia. "Kigingi hakitembei."

Tulienda vizuri mara sita, saba. Nilikuwa nimeanza kujiona bingwa. Kisha nikamsikia Nafula akiimba wimbo wa Sunday school, mbali, chini kwenye miti. Mjomba alikuwa mbele, hakusikia. Nikatoka mbio kwenda kumzuia. Hatua thelathini, labda arobaini, sauti ikakatika. Nikasimama. Vichaka vyote vilikuwa vimefanana. Nilirudi nilikodhani nimetoka, sikuona jani. Nilipomsikia mjomba akirudi bila kupiga mluzi nilishikwa na hofu, nikachuma jani langu mwenyewe, nikaligeuza, nikaliweka chini, nikasimama juu yake kama askari wa gwaride.

Mjomba akaja. "Ni hapa?"

"Ni hapa."

"Mbona naona kama tumepinda?"

"Ni hapa, mjomba."

Alizunguka mara moja. Mara mbili. Ya tatu alikuwa anapiga magoti, anainua nyasi kwa vidole. Hakuna kitu. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kugonga koti nililovaa, tap, tap, na wimbo wa Nafula ukaanza tena, karibu zaidi.

"Mama Nafula! Simameni hapo!" mjomba aliita. Mvua ilimeza sauti yake yote.

Nikashuka kwenye lile jani. "Mjomba, si hapa. Nilitoka. Jani hili nimeweka mimi."

Nilifumba macho nikingoja kofi. Halikuja. Nilipofumbua, uso wake ulikuwa mtupu kabisa, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Damu ya mwisho unayoijua kwa hakika ni gani?"

"Ya kwenye kisiki kilichoungua."

"Twende huko."

Tulikimbia kurudi nyuma, na kila hatua ilikuwa inatuweka mbali zaidi na Nafula. Nilitaka kulia. Lakini kisiki kilikuwepo, na jani letu lilikuwepo, na mjomba alipoliinua, tone lilikuwa kavu chini yake. Jani lililofuata hivyo hivyo, na lile nililolikimbia likawa la tatu. Mbele yake mjomba aliona bua la gugu refu lililovunjika na kupakwa damu kwenye kimo cha paja, likielekea chini, njiani.

Kulungu alikuwa amelala chini ya mti ulioanguka, ametukazia macho. Nyuma yake, hatua kumi na mbili hivi, ilipita njia ya korongoni.

Gobore halijazwi mara moja kama kumeza mate, na baruti ikilowa ni unga tu. Nilivua koti nikalitandaza juu ya mjomba na bunduki.

"Usitetemeke," alinong'ona. "Ukishindwa, tetemeka miguu peke yake."

Nilitetemeka miguu peke yake. Chini ya koti lile kulikuwa na harufu ya jasho, tumbaku na baruti. Gobore lilinguruma. Mnyama alilaza kichwa, akatulia. Nafula akatokea kwenye kona na mzigo wake wa vijiti kichwani.

"Baba, mbona mnajificha kwa koti la mwalimu?"

Nilikuwa mtu mzima, jangwani, siku tulipopoteza mstari wa vipimo na wenzangu wakaanza kubahatisha, ndipo nilipolielewa swali la mjomba. Niliwarudisha kilomita tatu nyuma hadi kwenye alama niliyoijua kwa hakika. Walinung'unika. Tulimaliza kabla ya timu zote, na hilo najivunia hadi leo. Jambo la pili nililielewa nikiwa nimechelewa zaidi: mjomba hakunipiga kwa sababu yeye ndiye aliyekosa kwanza. Alifyatua kutoka mbali ili nimwone ni mwanaume. Sifa zangu nimezirithi kwake.

Asubuhi iliyofuata alinituma peke yangu kurudisha vya watu, kila mtu na fungu lake la nyama. Mwalimu alipata koti lake na shingo. Fundi wa vyuma alipata mbavu. Mwisho nilifika kwa Mzee Kiboi na gobore begani na paja la nyuma mkononi. Wale wa chai walikuwepo.

"Nani alifuata damu?" Mzee aliuliza.

"Mjomba na mimi."

"Na nani aliipoteza?"

Wote walinitazama. "Mimi," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mzee Kiboi alilipokea gobore kwa mikono miwili, akachungulia mdomo wake, akaona tumelisafisha. Kisha akanisogezea kigoda.

Nilikunywa chai yao, nikateremka mlima mikono mitupu. Sikuwa tena na kitu cha mtu.