Skrini ya Consolatha: aliyekaa anaona mpira, aliyesimama anaona giza

Saa tano asubuhi, jua limeshakaa sawasawa juu ya gulio. Consolatha Niragira anapuliza vumbi kwenye skrini ndogo ya gemu, anaifuta kwa kipande cha kitenge, kisha anapitisha rula ya mwanafunzi juu ya protekta, ile karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwenye kioo, taratibu, ili mapovu ya hewa yatoke. Anaipandisha mashine juu ya kreti mbili za soda, anachomeka waya wa betri ya sola na kuita wateja.

"Haya, nani wa kwanza? Njooni, betri imejaa!"

Vijana wawili wanakaa kwenye benchi fupi, kila mmoja na pedi yake ya kuchezea. Mpira unaanza. Mwandishi wa makala haya, aliyesimama nyuma yao na kalamu mkononi, anasikia filimbi, anasikia uwanja mzima ukipiga kelele, anasikia vijana wakitambiana. Kwenye skrini haoni kitu. Nyeusi tititi.

Anasogea kushoto, nyeusi. Anasogea kulia, nyeusi. Anamuuliza kijana wa karibu, Wiston, dereva wa bodaboda, kama mashine imewashwa kweli. Wiston hageuki hata shingo.

"Kaka, unanipotezea bao," anasema. "Kaa chini bwana."

Hapa ni kijijini, mwendo mfupi kutoka Rulenge, wilayani Ngara, mwaka 2016. Consolatha ana miaka thelathini na sita na watoto wawili. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi kabla hajazaliwa, wakapewa shamba, wakapanda migomba, wakabaki. Yeye alizaliwa hapa, akabatizwa misheni ya Rulenge, na kwa miaka mingi hakujua kazi nyingine zaidi ya jembe.

Mgongo ndio uliomtoa shambani. Alianza kwa kuchaji simu za watu kwa sola. Kisha mfanyakazi mmoja wa shirika la misaada, aliyekuwa akihama, akamuuzia mashine yake ya gemu, ile ya kubebeka ambayo skrini na mashine ni kitu kimoja, ukubwa wa daftari kubwa la shule. Mchezo mmoja ni shilingi mia mbili. Kwa kazi hiyo anamsomesha binti yake Happy, aliye kidato cha pili shule ya bweni.

Adui yake wa kwanza alikuwa jua. Sehemu aliyopewa gulioni haina mti wala paa, na chumba cha kupanga hawezi. Ikifika saa nne mng'ao unapiga kwenye kioo, mchezaji anajiona uso wake mwenyewe badala ya golikipa.

"Walikuwa wanajifunika kitenge, vichwa viwili ndani, kama watu wanaojifukiza mafua," anasimulia huku akicheka. "Wanatoka humo wanatiririka jasho. Nani atarudi kesho?"

Akafunga safari hadi Biharamulo, stendi, kwa Mihayo, kijana muuza vifaa vya simu. Mihayo akamweleza kuwa ipo protekta ya kuua mng'ao peke yake, na ipo ya praivasi, inayoua mng'ao na tena inaficha. Hiyo ya pili ilikuwa karatasi kubwa ya kubandikwa kwenye kompyuta, ya kukata mwenyewe, na bei zilikuwa zimekaribiana.

"Wewe ungechukua ipi?" Consolatha anauliza. "Mimi ni mkulima. Ukiniambia mbegu hii inazaa, na hii inazaa na kuvumilia ukame, nitachukua ya kwanza kweli? Nikachukua yenye kazi mbili. Kuficha kwenyewe sikujua kunaficha nini, wala kunamficha nani."

Alikuja kujua gulioni. Kipande cha kwanza alikibandika, mng'ao ukafa kabisa, akamshukuru Mungu. Wachezaji wakakaa, mmoja kushoto, mmoja kulia, na wote wawili wakaona giza. Aliyekuwa anaona vizuri ni mtu wa katikati, ambaye hakulipa. Wachezaji nusura wapigane, kila mmoja akidai mwenzake kamzimia skrini.

Mihayo, alipopigiwa simu, alisema mle ndani ya protekta mna mistari midogo kama uzio wa matete. Ukisimama mkabala nao unaona uani kwa watu, ukienda pembeni unaona matete tu. Basi Consolatha akachukua kipande kilichobaki, akakigeuza matete yalale, akabandika. Sasa waliokaa ubavu kwa ubavu wanaona wote, na jua haliwasumbui. Anayetazama kutoka juu ndiye haoni.

"Nikasema, shida imekwisha," anasema. "Kumbe nimeitoa kwa wachezaji nikaipeleka kwa watazamaji. Na watazamaji ndio kijiji."

Gulio la huku watu hawakai. Mtu ananunua chumvi amesimama, anapiga soga amesimama, anachungulia gemu amesimama. Tangu mwaka jana, Warundi walipoanza kuvuka tena mpaka na mabasi ya kuwapeleka makambini yakawa yanapita barabara kuu, kijiji kimekuwa na macho makali. Mgeni anaulizwa anatoka wapi, na jambo jipya linaulizwa ni la nani. Katikati ya hali hiyo, wakakuta vijana wameinamia kisanduku cheusi, wanacheka na kupigana mabega.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wa kwanza akasema ni picha chafu. Wa pili akasema ni kamari. Wa tatu, mwenye ubongo unaochemka kuliko wote, akasema pale watu wanaongea na wenzao wa ng'ambo ya mpaka, ndiyo maana picha haionekani. Hakuna aliyeuliza kwa nini watu wa ng'ambo wapulize filimbi ya refa.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ansbert, akaja kujionea. Alivaa koti lake, akashika fimbo yake, akasimama nyuma ya benchi. Aliona giza. Wiston na mwenzake wakaangua kicheko kwa sababu ya bao, naye akadhani wanamcheka yeye. Gulio lililofuata akaja tena, akaamuru mashine izimwe na kuwashwa. Ikazimwa, ikawashwa, akaona giza lile lile.

Mwandishi alimuuliza Consolatha jambo ambalo kila msomaji sasa anajiuliza. Kwa nini hukumwambia akae? Alitazama chini, akaanza kukunja waya wa betri.

"Yule ndiye aliyesimamia mazishi ya baba yangu," alisema. "Huwa namsalimia nimepiga goti. Nitamwambiaje akae kwenye kibenchi na vijana, katikati ya gulio, watu wanaona? Nilijaribu kusema, mzee, labda ukiinama kidogo. Akaniambia, 'Niiinamie mashine?' Nikanyamaza."

Ukimya huo ndio uliomponza. Mkutano wa kijiji ukaitwa kesho ya gulio hilo la pili, na hoja ilikuwa moja: Consolatha aondolewe gulioni. Jioni ya kuamkia mkutano alikuwa ameketi mlangoni kwake, maharage yamechemka hadi yameungua na hajui. Alikuwa na hofu, na hakuificha.

"Wakinitoa pale, Happy anarudi nyumbani kulima. Hilo naweza kulilia peke yangu," alisema. "Kinachoniuma ni wale wanaosema nirudi kambini. Kambi gani? Mimi kambini sijawahi kulala hata siku moja. Nitarudije mahali nisipotoka?"

Asubuhi uwanja wa ofisi ya kijiji ulijaa. Viongozi walikaa nyuma ya meza, wanaume walisimama, na wanawake walitandika mikeka mbele, wakakaa chini na kunyoosha miguu, kama inavyokuwa siku zote. Consolatha aliweka mashine mezani, akaielekeza kwa watu, akawasha mpira. Wanaume wakasogea na kuizunguka.

"Mnaona?" alisema mmoja. "Giza! Si tuliwaambia?"

"Giza lipi?" ikajibu sauti kutoka mkekani. Alikuwa Rozalia, muuza ndizi. "Mimi naona mpila. Yule mwekundu anakimbia na mpila, yulee, kaanguka!"

"Hakuna kitu pale, mama."

"Kuna kitu, baba. Wanacheza mpila."

Ikawa kizungumkuti. Wanawake wote wanaona, wanaume wote hawaoni. Wanawake walishangilia bao ambalo waume zao walisema halipo. Mzee mmoja alimwamuru mkewe aache kusema uongo mbele ya mkutano, mke akajibu kuwa miaka yote ya ndoa hajawahi kusema kweli kubwa kama hiyo. Mwingine aliuliza kwa sauti kama hii mashine inabagua. Mpiga picha wetu, aliyekuwa amesimama, alipiga picha nyingi za meza yenye ubao mweusi, na hadi leo mhariri anauliza zile zilikuwa picha za nini.

Mtu aliyewahi kumwona akibandika karatasi juu ya kioo akasema dawa ni kuibandua. Consolatha akaweka kiganja juu ya skrini.

"Nikiibandua hairudi," alisema. "Gundi itashika vumbi. Na sina nyingine. Jua la gulioni mnalijua."

"Tena ukibandua," akadakia mwingine, "tutajuaje kama utakachotuonyesha ndicho ulichokuwa unatuficha?"

Hapo hata waliokuwa upande wake walikuna vichwa. Swali lilikuwa la kijinga na halikuwa na jibu. Consolatha alitazama huku na huku, akamgeukia Mzee Ansbert. Akapiga goti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, nimeshindwa kukwambia siku zote kwa heshima yako. Ile mashine haionekani kwa aliyesimama. Nilinunua karatasi nisiyoijua. Nakuomba ukae."

Mwenyekiti alizunguka meza, akaomba kiti, akaletewa. Akakaa mbele ya skrini, akatazama.

"Naona kama ukungu," alisema.

"Bado uko juu, mwenyekiti," akasema Rozalia. "Shuka. Kalibu huku kwetu."

Mwandishi ameshuhudia mikutano mingi ya vijiji, na hajawahi kusikia mwaliko kama ule. Mwenyekiti wa kijiji, na koti lake, kwenye mkeka wa wanawake! Mzee Ansbert alimtazama Rozalia, akamtazama Consolatha aliyekuwa bado amepiga goti. Kisha akampa jirani fimbo yake, akashika meza kwa mkono mmoja, goti likalia kakakaka, akashuka. Rozalia akavuta kitenge chake kumpisha.

Mzee akatazama. Akaendelea kutazama. Wanaume nyuma wakawa wanasimama kwa ncha za vidole, jambo ambalo, masikini, lilizidi kuwanyima picha.

"Kumbe mpira," alisema hatimaye. Kisha, baada ya kitambo, "Wale wekundu wanafungwa kwa sababu beki amelala."

Kicheko kilipasuka pande zote. Yeye hakucheka. Alibaki pale pale chini, akageuza kichwa kuwatazama wanaume waliosimama.

"Nimekuja kwa huyu binti gulio la kwanza, nikaja la pili, nikasema anaficha," alisema. "Nilichohitaji ni kukaa, na nilikataa kukaa. Baba yake nilimzika mimi. Asizungumze mtu tena habari ya kambi. Consolatha atabaki pale alipo."

Wapo walionung'unika, hasa wale waliokuwa na uhakika wa watu wa ng'ambo. Mmoja wao alijikaza, akachuchumaa, akaona golikipa, akasimama na kusema bado hajaridhika, ila hajui ni kwa nini. Wengine waliondoka wakibishana kama tatizo lilikuwa karatasi, mashine au macho yao. Waliobaki wakamwinua mwenyekiti kwa mikono miwili.

Consolatha alilia. Alilia waziwazi, ameshika mashine kifuani, na wanawake wakamwacha alie mpaka akamaliza. Alipoulizwa kama ni furaha, alisema hajui, imechanganyika.

Siku ya gulio lililofuata alikuwa na wateja wapya. Rozalia alicheza na Wiston, akafungwa, akalaumu pedi. Watu walikuwa wanakuja, wanachuchumaa, wanahakikisha, wanaondoka wakitikisa vichwa. Kwa mtu wa nje ingeonekana biashara imenyooka na hadithi imeisha.

Yeye haoni hivyo. Anataka Happy akifunga shule waende wote Biharamulo kwa Mihayo, akachukue protekta ile aliyoiacha mara ya kwanza, ya kuua mng'ao peke yake, isiyomficha mtu yeyote. Mwandishi alimkumbusha kwamba mwenyekiti ameshasema, hakuna tena wa kumgusa.

Consolatha alifunga mashine katika kitenge, akakaza fundo.

"Mzee Ansbert amekaa chini, Mungu ambariki," alisema. "Na atakayekuja baada yake, akikataa kukaa?"