Magharibi ya Mwanza

Kutoka Mtwara hadi Mwanza kwa ndege ni kama saa moja mpaka Dar es Salaam, kisha saa moja na nusu nyingine juu ya nchi kavu. Unaikata nchi kutoka kona hadi kona. Kazi yangu bandarini ni kukadiria meli itatia nanga lini na malori yasogee lini, kwa hiyo safari ya mama niliipanga mwenyewe, na sikutaka ushauri wa mtu.

Ilikuwa Ramadhani. Mdogo wangu wa kike, anayefundisha Mwanza, alikuwa ametoka eda ya kufiwa na mumewe juzi tu. Mama hakuwa na raha. Kila tukikaa kufuturu alikuwa anauliza yule mtoto anakula na nani. Alitaka jambo moja: jioni ile ile tutakayofika, afuturu na mwanawe.

Nikaangalia kalenda ya futari iliyobandikwa ukutani kwetu Magomeni ya Mtwara, nikaangalia tiketi, nikamwambia haiwezekani, Magharibi itatukuta angani. Nikampigia simu mdogo wangu, nikamwambia afuturu, asitusubiri. Mama hakubisha. Alifunga mihogo na korosho zake, akatia tende chache kwenye mkoba.

Tulikuwa bado hewani simu yangu ilipoadhini, abiria wakageuka. Nikamtolea mama tende. Hakuipokea. Alikuwa anatazama dirishani, jua limekaa pale pale kama halina safari.

“Lile jua unaliona?” aliniuliza. “Au nifungue kwa azana ya simu yako?”

Hapo ndipo nilipoelewa. Kalenda ile, kama simu yangu, ilikuwa ya Mtwara, na sisi tulikuwa tunalifuata jua magharibi, linakochelewa kuzama. Mtu wa kukadiria meli! Mama alicheka hadi akashika mbavu, nami nikacheka, ingawa nilikuwa nimeumia kidogo. Tulipotua jua bado lilikuwa juu ya ziwa. Nilimsihi dereva wa teksi aongeze mwendo, nikamsihi tena, mpaka mama akaniambia nimwache mtu wa watu aendeshe.

Azana ililia tukiwa tunavua viatu mlangoni. Mdogo wangu alikuwa mkekani peke yake. Mbele yake palikuwa na chupa ya uji, sahani ya tende na vikombe viwili. Nilifurahi, nikamwambia kumbe alitusubiri.

Alisogea mkekani kutupisha.

“Hapana, kaka. Uliniambia nisiwasubiri. Bado natenga viwili, mkono umezoea.”

Mama aliketi mkekani bila hata kuvua baibui, akampa mwanawe tende, akala na yeye moja. Kisha akakivuta kile kikombe cha pili.

“Nimiminie uji, mwanangu,” alisema.